SIKU YA WAPENDANAO KATIKA NYUMBA YA MKULIMA

Kila mwaka mwezi wa Februari ukifika, maduka ya Mombasa hujaa rangi nyekundu. Hoteli hutangaza chakula cha watu wawili, redio husoma salamu za wapenzi, na kwenye simu za vijana hakuna habari nyingine ila tarehe 14. Jambo hili lilikuwa la watu wa mjini tu, lakini sasa limevuka daraja la Mtwapa na kivuko cha Likoni, limefika katika mashamba yetu ya makazi, tangu Shimba Hills na Diani mpaka Tezo, Ngerenya na Magarini.

Mkulima mmoja akilisikia hucheka, husema hayo ni mambo ya wasiokuwa na kazi. Mwingine hukopa fedha ili mkewe asione kwamba amesahauliwa. Mwingine tena huuliza swali la haki kabisa: "Mimi nina watoto wanane, mama yangu mzazi yumo humu humu, na shangazi yangu pia. Siku ya watu wawili nitaiweka wapi?" Makala haya yanamjibu huyo wa tatu, na pengine yatawafaa wale wawili wa kwanza.

ILITOKA WAPI SIKU HII?

Jina la siku hii latokana na Valentine, jina la mashahidi wa dini ya Kikristo waliouawa zamani sana katika nchi ya Italia, wakati wa utawala wa Warumi. Habari za maisha yao zimechanganyika, hata mwaka 1969 Kanisa Katoliki liliiondoa sikukuu hiyo katika kalenda yake ya ulimwengu mzima. Habari za mapenzi ziliingia baadaye. Katika karne ya 14 mshairi wa Uingereza, Geoffrey Chaucer, aliandika utenzi juu ya ndege wanaokutana siku ya Valentine ili kila mmoja achague mwenzake. Kutoka hapo ikawa desturi ya barua, kisha kadi, kisha maua na peremende.

Kila nchi imeigeuza kwa namna yake. Huko Japani, kwa mfano, wanawake ndio wanaowapa wanaume chokoleti siku ya 14 Februari, na wanaume hulipa fadhila hiyo tarehe 14 Machi. Basi kama Wajapani wameweza kuigeuza ikafuata desturi zao, sisi nasi hatukufungwa na hoteli wala na kadi. Na mtu ambaye dini yake haimruhusu kuishika siku hii, au asiyeipenda tu, anaweza kuchagua siku yake mwenyewe, kama siku waliyooana. Maneno yanayofuata yatamfaa vilevile. Ikiwa mwaka huo Ramadhani imeangukia Februari, maana hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, chakula tutakachokieleza na kiwe cha kufuturu.

FEBRUARI NI MWEZI WA KUSHIKA MFUKO

Tazama vizuri kalenda ya shamba la Pwani. Februari ni wakati wa kaskazi. Jua ni kali na ardhi imekauka. Maembe yanaelekea kwisha. Karo ya muhula wa kwanza imekwisha kulipwa, au bado inadaiwa. Mbele yetu kuna mvua ya masika, ambayo kwa kawaida huanza mwisho wa Machi au mwezi wa Aprili. Kabla haijanyesha, shamba liwe limelimwa na mbegu iwe ndani ya nyumba. Mkulima anayekwenda kutafuta mbegu baada ya mvua ya kwanza hupanda kwa kuchelewa, na mahindi yaliyochelewa hukosa mvua wakati yanapochanua, wakati ambapo yanaihitaji zaidi kuliko wakati wowote.

Ekari moja ya mahindi inataka kilo 10 za mbegu, yaani paketi 5 za kilo 2. Chukua kalamu, andika bei ya paketi moja katika duka lako, kisha andika bei ya chakula cha watu wawili hotelini pamoja na nauli ya kwenda na kurudi. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Jibu utakalopata ndiyo idadi ya paketi za mbegu mtakazokuwa mmekula usiku mmoja. Fanya hesabu hiyo pamoja na mkeo. Mke aliyeona hesabu kwa macho yake hatasema kwamba mumewe ni bahili, na mume aliyeiona hatasema kwamba mkewe hana shukrani. Ugomvi mwingi wa mwezi huu hutoka katika hesabu ambayo mmoja aliifanya peke yake moyoni.

WARIDI LA DUKANI NA ASUMINI YA NYUMBANI

Mawaridi marefu yanayouzwa mjini siku hiyo hayakuota Pwani. Hulimwa katika nchi za juu kama Naivasha, ambako usiku kuna baridi, na ua hukomaa polepole likawa na kichwa kikubwa na bua refu. Kenya ni mojawapo ya nchi zinazouza maua mengi kabisa katika Ulaya, na Februari ndio mwezi wa shughuli kubwa. Mengi huruka kwa ndege kutoka Nairobi. Lakini katika miaka ya karibuni sehemu yake husafiri kwa meli kutoka bandari yetu ya Kilindini, ndani ya makontena yanayotiwa baridi karibu na nyuzi sifuri, safari ya kiasi cha mwezi mmoja. Tangu mwisho wa mwaka 2023, meli ziliposhambuliwa katika Bahari ya Shamu, kampuni nyingi zilipitisha meli zao kusini mwa Afrika, na safari ikarefuka zaidi.

Kwa nini baridi yote hiyo? Kwa sababu ua lililokatwa bado linapumua, na kwa kupumua hutumia chakula kidogo lilichokiweka ndani yake. Joto likizidi hupumua haraka, chakula kikaisha, ua likainama. Sasa fikiri: waridi limeshushwa mamia ya kilomita kutoka bara, likauzwa Mombasa wakati wa kaskazi, kisha likapandishwa matatu mpaka shambani kwako. Umelinunua kwa bei ya juu kuliko siku zote za mwaka, nalo limefika limekwisha kuchoka.

Wazee wa Mji wa Kale hawakulihitaji. Wao walikuwa na kikuba, na mpaka leo vikuba vinajulikana Mombasa, Lamu na Unguja. Kikuba ni kishada kidogo cha maua na majani ya kunukia, ambacho mwanamke hukivaa nywelani au hukibandika kifuani kwa pini. Hutiwa asumini, mrehani, vipande vya mkadi, langilangi, waridi dogo la nyumbani, na kilua akipatikana. Mkilua ni mti wa pwani yetu, hauoti wenyewe mahali pengine duniani ila katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Hata wataalamu wa miti waliupa jina la Kilatini kutokana na jina letu la Kiswahili. Lakini usiingie katika msitu wa kaya kuchuma maua. Kaya za Wamijikenda ni mahali patakatifu, na mwaka 2008 ziliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia. Tumia maua ya uani kwako. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

KUTENGENEZA KIKUBA, NA KUPANDA ASUMINI

Chuma vichipukizi vya asumini saa kumi za jioni, vikiwa vyeupe lakini bado vimefumba. Asumini hufunguka jua likitua, na harufu yake hutoka usiku. Ukiichuma imekwisha kufunguka asubuhi, jioni itakuwa imegeuka rangi. Funga maua katika kitambaa kilicholowana, uyaweke kivulini. Kisha tunga asumini katika uzi, weka kitawi cha mrehani nyuma, maua mengine mbele, funga kwa uzi huohuo, na ukipenda nyunyiza marashi kidogo. Kutunga kikuba ni ujuzi wa wanawake, na bibi aliyemo nyumbani huenda akafurahi sana kuombwa awafundishe wajukuu. Lakini kupanda na kuchuma si aibu kwa mwanamume yeyote.

Kama hamna asumini, anzeni mwaka huu. Kateni vitawi vyenye urefu wa shubiri moja, visivyo vichanga sana wala vikavu. Ondoeni majani ya chini, mvichomeke katika udongo uliochanganywa na mbolea iliyooza, penye kivuli, na kuvimwagilia kila siku bila kuvifurikisha. Vikishika mizizi, vihamisheni wakati wa masika, kila mche mita moja na nusu kutoka kwa mwenzake. Baada ya kuchanua, pogoeni, maana maua hutoka katika matawi mapya. Mwaka ujao mtakuwa na maua yenu, na pengine ya kumuuzia jirani.

CHAKULA CHA WATU KUMI NA WAWILI

Katika jamaa kubwa, sherehe ambayo watoto wameachwa nje haitakuwa na amani. Kwa hiyo igaweni siku sehemu mbili: chakula cha wote jioni mapema, na saa ya wawili baadaye.

Kwa watu 12, wakubwa na wadogo pamoja, hivi vinatosha: mchele kilo moja na nusu, mbaazi kavu kilo moja, nazi nne, majogoo wawili, mchicha wa bustanini, vitunguu, ndimu, tangawizi na manjano, na mapapai au maembe ya mwisho. Hesabu vitu vinavyonunuliwa, utaona ni vichache: mchele, labda vitunguu na viungo. Vilivyobaki vyatoka shambani.

Chinja majogoo ya ziada, usimguse mtetea anayetaga. Jogoo mmoja anatosha kwa mitetea kumi. Wengine wanakula tu mahindi yako. Kuku wa kienyeji nyama yake ni ngumu, basi mchemshe kwanza mpaka alainike, ndipo umwoke juu ya makaa na kumpaka tui lililochanganywa na ndimu, tangawizi na manjano. Mbaazi ziloweke tangu usiku uliotangulia. Zitaiva upesi na kuni zitapungua. Kuna nazi, ukamue tui la kwanza, yaani kasimile, uliweke kando. Kisha tia maji ukamue tui jepesi. Wali na mbaazi zipikwe kwa tui jepesi, na kasimile litiwe mwisho kwa moto mdogo. Likichemka sana hukatika, na mafuta huelea juu.

NANI AFANYE KAZI?

Hapa ndipo sherehe nyingi za nyumbani huharibika. Kama mama ameteka maji, amekata kuni, amekuna nazi, amepika, ameosha vyombo na kuwaogesha wadogo mpaka saa tatu za usiku, siku hiyo haikuwa yake. Ilikuwa siku ya kazi iliyoongezwa kazi. Basi siku moja kabla, kaeni mgawane. Njia moja ni hii:

Baba: maji, kuni, na kuchinja.

Wavulana wakubwa: kuangua madafu na nazi, kukuna nazi, kufagia uwanja, kufunga mbuzi na ng'ombe mapema.

Wasichana wakubwa: wali na mbaazi, pamoja na mama kama msimamizi tu.

Wadogo: kuchambua mchele, kuchuma maua, kutandika mikeka.

Baada ya kula: vijana wote, wavulana kwa wasichana, waoshe vyombo.

Mvulana aliyemwona baba yake akibeba ndoo ya maji kwa ajili ya mama yake amejifunza habari ya ndoa kuliko tutakavyoweza kumfundisha sisi tunaoandika magazeti.

Kuleni saa kumi na mbili na nusu. Mpeni bibi au babu nafasi aeleze walivyooana zamani, mahari ilikuwa nini, safari ilikuwa ya ngalawa au ya miguu. Watoto hupenda kusikia haya, nayo husahaulika wazee wakifariki bila kuulizwa.

SAA YA WAWILI

Saa mbili za usiku wadogo walale, na mtoto mkubwa au shangazi awaangalie. Baba na mama watoe mkeka mahali pao, chini ya mwembe au barazani, na chai ya iliki au dafu. Mama amekwisha kuoga na kuvaa kikuba chake. Aliye na udi aufukize katika chetezo. Simu ziwekwe ndani. Kwa watu waliozoea kulala kwa uchovu kila siku bila kuzungumza ila habari za ng'ombe na karo, saa moja ya namna hii ni kitu kikubwa. Mume amwambie mkewe kwa maneno wazi kazi gani aliyoiona mwaka uliopita na kumshukuru kwa hiyo, wala asiseme tu "asante kwa yote". Palizi ya mara ya pili aliyoifanya akiwa na mimba. Mbuzi aliyemuuza ili mtoto abaki shule. Mke naye afanye vivyo hivyo.

Ikiwa bwana anafanya kazi Kilindini, bandarini au katika maghala, naye huja nyumbani mwisho wa juma tu, msilazimishe tarehe. Fanyeni Jumamosi iliyo karibu. Na kama ni bibi anayemfuata mumewe mjini, kuna mahali pasipo na gharama: ufukwe wa Mama Ngina, karibu na Likoni, uliotengenezwa upya mwaka 2019. Watu hukaa pale jioni na mihogo ya kuchoma na madafu, wakitazama meli kubwa zikiingia katika mkondo wa Kilindini. Jina lenyewe lasema maji ya kilindi. Kivuko cha Likoni nacho hakitozi aendaye kwa miguu.

Aliye na wake wawili akumbuke kwamba siku hii inaweza kuwasha moto. Anachompa mmoja ampe wa pili, saa kwa saa na ua kwa ua. Kama hawezi siku moja, apange siku mbili na wote wajue mapema. Mjane aliyemo nyumbani naye asisahauliwe: kikuba kimoja kwa ajili yake hakigharimu kitu.

ZAWADI ISIYONYAUKA

Jambo la mwisho ndilo lenye uzito. Waridi hudumu siku chache, asumini usiku mmoja. Lakini kuna zawadi ambayo mkulima wa shamba la makazi anaweza kumpa mwenzake nayo ikadumu maisha: kumwonyesha karatasi za shamba.

Katika nyumba nyingi baba peke yake ndiye ajuaye barua ya kugawiwa shamba iko wapi, stakabadhi za malipo ziko wapi, na deni limebaki kiasi gani. Akipatwa na ajali au mauti, mke na watoto hubaki juu ya shamba walilolilima miaka mingi bila kuweza kuonyesha karatasi moja. Ndipo hutokea ndugu wa mbali, na madalali, na kesi. Basi usiku huo, au kesho yake asubuhi kwenye mwanga, toeni karatasi zote mziweke juu ya meza, na mwulizane maswali matatu: Jina la nani limeandikwa? Deni limebaki kiasi gani? Karatasi hizi zikipotea, nakala iko wapi?

Ni vizuri wote wawili mjue sheria. Katiba ya mwaka 2010 inasema mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa katika ndoa, na ndoa ikivunjika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema kwamba katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiwezi kuuzwa, kutolewa zawadi, kukodishwa wala kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili. Na kwa nyumba wanayokaa, idhini ya kuiweka rehani au kuikodisha iwe ya maandishi. Waislamu wameruhusiwa na sheria hiyohiyo kufuata sheria ya Kiislamu katika mambo haya, na Kadhi anaweza kuwaeleza. Wakitaka shamba liandikwe majina mawili, mume na mke waende pamoja kwenye ofisi ya ardhi, wachukue karatasi zao na vitambulisho, wakaulize utaratibu. Wasimpe dalali karatasi za asili ashughulike nazo peke yake.

Mume mwingine ataogopa akisema, nikiandika jina lake nimejipunguzia. Na afikiri: ni nani aliyepalilia shamba hilo? Ni nani atakayewalea watoto juu yake yeye akiondoka? Wengine huandika maneno ya mapenzi kwenye kadi ya karatasi laini. Kwa mkulima, hakuna karatasi inayosema "nakuamini" kwa sauti kubwa kuliko ile ya shamba.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Fanyeni hesabu pamoja kabla ya kutumia fedha. Wekeni mbegu ya masika kwanza. Msikope kwa ajili ya siku moja. Pandeni asumini. Gaweni kazi ili mama apumzike. Watoto washibe mapema, ili wazee wapate saa yao. Tunzeni karatasi za shamba, na wote wawili mjue zilipo. Na mvua ikianza, nendeni shambani mkiwa mmepatana, maana jembe la watu waliopatana ni jepesi.